Mwavuli wa Rebmann na Kambi ya Akeri: Juu ya Upole wa Mhubiri

Walimu wa uinjilisti hupenda kuanza somo lao na Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, mistari ya 15 na 16, ambapo mtume anawataka Wakristo wawe na jibu kwa mtu anayetaka kujua sababu ya tumaini lao, na jibu hilo walitoe kwa unyenyekevu na heshima. Sisi nasi tumelifundisha somo hilo kwa miaka mingi. Mara nyingi tumelifundisha kama somo la adabu ya ulimi: mhubiri asitukane, asidhihaki mambo ambayo wengine wanayaheshimu, asipandishe sauti pasipo sababu. Hayo yote ni kweli. Lakini tukiusoma waraka tangu mwanzo, twaona kwamba mtume anawaandikia watu anaowaita wageni na wapitaji (1:1; 2:11). Hao ni watu wasio na askari wala cheo, wanaoishi kwa hisani ya majirani zao. Upole unaotakiwa kwao ni upole wa mtu aliye ndani ya nyumba ya mwingine. Tena mstari wenyewe unamtaja mtu aulizaye. Kabla ya jibu kuna swali, na swali haliulizwi ila pale ambapo mwenyeji hamwogopi mgeni wake.

Katika makala hii tunakusudia kuutazama upole wa namna hiyo katika historia ya kanisa letu wenyewe, tukianzia pwani ya Mombasa na kupanda hadi Kilimanjaro na Meru. Hoja yetu ni kwamba watu waliohubiriwa hawakuanza kwa kupima maneno ya mhubiri. Walianza kwa kutazama amekuja na nani, na ameingia kwa mlango gani.

Kadhi na mgeni wake

Johann Ludwig Krapf alifika Unguja mwezi Januari 1844. Alikuwa Mlutheri wa Württemberg, aliyesoma katika chuo cha misioni cha Basel, lakini aliyemtuma ni chama cha Kianglikana cha CMS, maana siku zile chama hicho kiliwategemea sana vijana wa Kijerumani. Hapakuwa na dola ya Kizungu iliyotawala pwani hii. Ilimpasa Krapf aende kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala Mwislamu, kuomba ruhusa. Sayyid akampa barua kwa maliwali wake, akimtambulisha kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, naye atendewe wema popote aendapo. Hivyo Injili iliingia Mombasa ikiwa na barua ya Mwislamu mkononi.

Jambo la pili lastahili kuangaliwa zaidi. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Ali bin Modehin (hivyo ndivyo Krapf alivyoliandika jina lake), ambaye alikuwa kadhi. Tuitafakari picha hiyo. Mwinjilisti ameketi na kadhi. Habari ya uumbaji iko kati yao. Mmoja anajua Kiebrania, mwingine anajua Kiswahili. Na neno halikubaliki mpaka mwenye lugha aseme kwamba limekaa sawa. Krapf hakuwa katika hali ya kumshinda mtu yeyote. Alikuwa mwanafunzi. Sura za kwanza za tafsiri ile zilichapwa Marekani mwaka 1847, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Biblia katika lugha yetu. Mwezi uliofuata baada ya kazi hiyo kuanza, tarehe 13 Julai, mkewe Rosina alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya mji.

Haifai tumfanye Krapf kuwa malaika. Kwa tabia hakuwa mtu mpole. Alikuwa na haraka, aliota mlolongo wa vituo vya misioni kutoka pwani moja ya Afrika hadi nyingine, na kitabu chake cha safari kinaonyesha jinsi alivyowakemea watu wa Rabai kwa ulevi na kwa ibada zao. Lakini wazee wa Rabai walimstahimili, na sababu haiko mbali: wangeweza kumfukuza siku yoyote, naye alijua hivyo. Mgeni akikosea, mwenyeji humsamehe ugeni wake.

Mwavuli

Johannes Rebmann, naye wa Württemberg, alimfuata Krapf mwaka 1846, na mwezi Agosti mwaka huo huo wakahamia Rabai. Walifanana imani, wakatofautiana moyo. Rebmann alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, wa kusikiliza na kuandika maneno. Hata hivyo ni yeye aliyesafiri kwenda Uchagga.

Alitoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848 na wapagazi wachache, akiongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu wa pwani aliyezijua njia za bara. Misafara ya pwani ilizoea kupanda huko ikiwa na watu wengi wenye bunduki. Rebmann alikwenda na mwavuli wake. Jambo hilo lilimstaajabisha Bwana Kheri, aliyewajua wafanyabiashara wakubwa wasiothubutu kupita nyika bila ulinzi. Tarehe 11 Mei Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. (Mabingwa wa jiografia kule London, hasa William Desborough Cooley, walimkejeli kwa miaka kadhaa kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta, lakini hiyo ni habari nyingine.) Alifika Kilema kwa Mangi Masaki, akakaribishwa, akaeleza kwamba hakuja kununua pembe wala watumwa. Mwishoni mwa mwaka huo alikwenda tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga.

Safari ya tatu, ya mwaka 1849, ndiyo yenye funzo kwetu. Rebmann alikusudia kupita Machame na kuendelea hadi Unyamwezi, hivyo alichukua bidhaa nyingi kuliko kwanza, za kulipia njia. Mamkinga alizitaka. Zawadi ikafuatwa na zawadi, siku kwa siku, mpaka akiba ya safari ikaisha, na mvua zikawa zinanyesha. Alipoona kwamba njia imefungwa, Rebmann akalia machozi mbele ya mangi. Bwana Kheri akadhani, kama ambavyo mtu yeyote angedhani, kwamba analilia nguo zake. Rebmann akajibu kwamba halilii nguo. Vitu vile, akasema, alipewa na watu wema wa kwao ili kitabu cha Mungu kiwafikie watu wote, na sasa havitafika.

Wengi hulihesabu tukio hilo kuwa ni kushindwa, na kwa kweli hakuna aliyebatizwa. Sisi twaona jambo lingine. Mangi alimwona Mzungu asiye na nguvu juu yake. Alimnyang'anya, kisha akamwacha arudi salama. Hakuna nyumba iliyochomwa Machame kwa ajili ya hasara ya Rebmann, wala hakuna jeshi lililokuja kudai fidia. Kama Mamkinga alibaki na kumbukumbu yoyote ya yule mgeni, haikuwa kumbukumbu ya hofu.

Akeri

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, miaka 44 ilikuwa imepita na hali ilikuwa imegeuka. CMS walikuwa wamefungua kituo Moshi mwaka 1885. Mwezi Juni 1892 mashujaa wa Mangi Meli walikishinda kikosi cha Kijerumani cha von Bülow, na Wajerumani wakawashuku wamisionari wa Kiingereza kwamba ndio waliomchochea Meli. Ikawabidi waondoke na kwenda Taveta. Mwezi Agosti 1893 von Schele alimshinda Meli. Majuma machache baadaye Walutheri wakapanda mlima na kuanza kazi kwa Mangi Shangali wa Machame, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani. Hatusemi kwamba walipenda iwe hivyo. Twasema tu kwamba mlango walioingia ulikuwa umefunguliwa kwa mizinga.

Ni vema kukumbuka kwamba watu hao hawakufunzwa ukali. Misioni ya Leipzig ilikuwa imelelewa na mkurugenzi wake Karl Graul, aliyefundisha kwamba Injili haiji kuvunja desturi za taifa zima, na kwamba mmisionari asome lugha na maandiko ya watu kabla ya kuwahukumu. Kwa jambo hilo Leipzig ilibishana na misioni nyingine kule India kwa miaka mingi. Kama kulikuwa na chama kilichotuma wahubiri waliofundishwa upole darasani, basi ni hicho.

Wawili kati ya watu wa chama hicho, Ewald Ovir na Karl Segebrock, vijana wa nchi za Baltiki, walivuka kwenda Meru mwezi Oktoba 1896 ili kufungua kituo. Walipiga kambi Akeri. Siku hizo hizo Kapteni Johannes wa boma la Moshi alikuwa katika sehemu zile na askari wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba mashujaa wa Waarusha na Wameru waliishambulia kambi ya wamisionari, wakawaua Ovir na Segebrock pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Kisha wakaigeukia kambi ya Johannes, na huko wakarudishwa nyuma kwa risasi.

Hatuna sababu ya kudhani kwamba vijana wale walitamka neno lolote la kuwaudhi Wameru. Hawakupata hata nafasi ya kuhubiri. Lakini tujiweke mahali pa shujaa wa Meru aliyetazama kutoka juu ya mlima. Aliona mahema ya Wazungu mahali pawili. Angewezaje kujua kwamba katika hema moja kuna Agano Jipya na katika jingine kuna amri ya serikali? Walikuja katika majira yale yale, kutoka njia ile ile ya Moshi, wakiwa na wapagazi wa Kichagga kama wale wale. Kwake ulikuwa msafara mmoja.

Yaliyofuata yalithibitisha hofu yake. Kabla ya mwezi huo kwisha Johannes alirudi na askari na maelfu ya mashujaa wa Kichagga. Watu wengi waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, nyumba na migomba viliharibiwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Mwaka 1902 Misioni ya Leipzig ilirudi Meru na kujenga Nkoaranga.

Katika vitabu vyetu vya kipaimara na katika hotuba za jubilei, Ovir na Segebrock wanaitwa mashahidi wa imani. Hatutaki kuwavua heshima hiyo. Walikwenda kwa nia njema na walikufa wakiwa katika kazi yao. Lakini twauliza kwa nini hadithi hiyo huishia usiku wa tarehe 20 Oktoba, kisha ikaruka hadi Nkoaranga. Wachagga waliokufa nao hutajwa kwa jumla, na wale wa Meru waliokufa katika kulipiza kisasi hawatajwi kabisa, ijapokuwa wajukuu wao wamejaa katika sharika zetu na ndio waliolijenga kanisa la Meru. Mchungaji anayesimama Akeri kuhubiri juu ya mashahidi anasimama mbele ya watu ambao babu zao walikuwa pande zote mbili za usiku ule. Akisahau hilo, anawaudhi bila kutukana.

Gutmann, na waalimu

Mwaka huo huo wa 1902 alikuja Kilimanjaro Bruno Gutmann, ambaye wanafunzi wetu humsoma kuliko mmisionari mwingine yeyote wa Leipzig. Alikaa Moshi ya Kale tangu 1910 hadi 1920, na tena tangu 1925 hadi 1938. Aliandika juu ya sheria za Wachagga (1926) na juu ya mafundisho ya jando katika majuzuu matatu (1932-1938), na kazi hiyo aliipata kwa kuketi na wazee miaka mingi. Kwa maana hiyo alikirudia kiti cha Krapf mbele ya kadhi. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Muumba, na kwamba usharika ujengwe juu ya hivyo, si juu ya magofu yake.

Twamheshimu kwa hilo, lakini tusimwabudu. Aliwasikiliza wazee kuliko vijana. Aliiogopa shule kwa sababu ilimtoa kijana katika ukoo, wakati kijana mwenyewe aliitaka. Na katika suala la tohara ya wasichana hakukubali kanisa lipige marufuku kwa haraka. Hapa upole wake kwa desturi ulikuwa mzigo kwa msichana, ambaye hakuulizwa. Inafaa wanafunzi walichunguze jambo hili kwa makini, maana mtu aweza kujiita mpole kwa sababu tu hajawaudhi wenye sauti.

Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na mpaka waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925 sharika za Kilimanjaro na Meru zilibaki hasa mikononi mwa waalimu wenyeji. Hawakuwa na boma nyuma yao. Mishahara ilikuwa midogo au haikuwepo kabisa. Mwalimu alilima kihamba chake kando ya jirani asiyeamini, alimsaidia kuezeka nyumba, alimzika mama yake. Akitaka kuhubiri kwa ukali angeweza, lakini kesho yake angekwenda kuomba maji katika mfereji ule ule. Kanisa halikufa katika miaka ile. Sisi twaona kwamba miaka ile ndiyo iliyolifanya kanisa kuwa la watu wa mlimani.

Vipaza sauti

Tukirudi pwani, habari si ya kufurahisha sana. Mwaka 1923 tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitolewa na Kasisi Godfrey Dale wa UMCA, Unguja. Ilikuwa kazi ya elimu kubwa, lakini ilifuatana na maelezo yaliyokusudiwa kuwasaidia wahubiri wa Kikristo katika mabishano. Waislamu waliyapokea maelezo hayo kama shambulio ndani ya kitabu chao. Baadaye Waahmadiya walitoa tafsiri yao mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akaikamilisha yake mwaka 1969, na mojawapo ya haja zilizowasukuma ilikuwa kumjibu Dale. Kati ya 1844 na 1923 umbali ni mkubwa. Kadhi aliikopesha Injili lugha yake. Kasisi akaitumia lugha hiyo kuandaa hoja.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mabishano hayo yalitoka vitabuni yakaingia viwanjani. Wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi, wakionyesha migongano yake. Wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa aya za Kurani, mara nyingi aya walizokariri bila kujua zinatoka wapi. Vipaza sauti vikajibizana jioni hadi jioni. Serikali iliingilia kati mara kadhaa, na mwezi Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, ugomvi ulioanza na madai ya mahubiri ya kashfa ulifikia hata watu kupoteza maisha.

Baadhi yetu tulikuwepo katika mihadhara ya miaka ile, na hatukuwa watazamaji tu. Katika mji mmoja wa pwani, ambapo tulitumwa tukiwa wanafunzi, palikuwa na mzee Mwislamu aliyeuza kahawa. Tulizoea kuketi kibarazani pake jioni, naye alituuliza maswali: kwa nini mwasema Mungu ana Mwana? Kwa nini hamtawadhi? Tulimjibu kadiri tulivyoweza, naye alicheka, akaongeza kahawa, akauliza tena. Ikaja wiki ya mhadhara. Mwenzetu mmoja, hodari wa maneno, alimbana mhubiri wa upande wa pili mpaka akakosa jibu, na Wakristo wakapiga vigelegele. Sisi nasi tulipiga. Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa umati. Alikunja jamvi lake, akaondoka. Kesho yake tulikwenda kibarazani. Alituamkia kama kawaida, akatumiminia kahawa kama kawaida, wala hakututoza. Tulikaa katika mji ule miezi mingine minne, na hakutuuliza tena swali hata moja.

Rabai

Tulimwacha Rebmann njiani, nasi hatuna budi kumrudia. Baada ya machozi ya Machame alirudi Rabai, na Krapf alipoondoka kwa ajili ya afya, Rebmann alibaki. Alikaa karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Aliandika kamusi, mojawapo ikiwa ya lugha ya Unyasa, aliyofundishwa na Salimini, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka nchi hiyo. Wakristo wa Rabai walikuwa kundi dogo sana. Wakubwa wa misioni waliona kwamba kazi yake haina matunda, na Sir Bartle Frere alipopita mwaka 1873 alimkuta mzee ambaye macho yake yalikuwa yanazimika, na watu wachache wamemzunguka.

Kati ya watu hao wachache alikuwepo Abe Gunja. Yeye alikuja kwa wamisionari katika miaka ya mwanzo akiwa na maswali yake mwenyewe, akayarudia mwaka hata mwaka, mpaka yeye na watu wa nyumba yake wakaingia kanisani. Mwaka 1875 Rebmann alikubali kwenda Ulaya kutafuta matibabu. Alifariki Korntal mwezi Oktoba 1876. Aliposhuka kutoka Rabai alikuwa haoni. Aliyemshika mkono, akafuatana naye katika meli na katika nchi ya baridi, ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja.